Somo: Kukagua kama maelezo ya hataza ya programu yanajitosheleza

Hataza ni haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi. Tuseme programu ni ya kuanikia kahawa ya maganda Moshi. Mizani ya kidijiti chini ya kichanja inatuma uzito kwenye simu, na mkulima anaambiwa lini aanue.

1. Anza na madai, yaani sehemu ya maombi inayotaja unachotaka kilindwe. Pigia mstari kila kitenzi: inapokea, inakadiria, inatuma.

2. Kwa kila kitenzi tafuta aya inayoeleza namna. "Inapokea" na "inatuma" hazisumbui, mtaalamu wa fani anazijua. Shida iko kwenye "inakadiria". Maelezo yakisema "moduli ya uchambuzi inakadiria unyevu", umetajiwa jina la kisanduku tu, ndani hujaonyeshwa kitu. Yanayotosha yanasema hivi: zidisha uzito wa kuanzia kwa sehemu isiyo maji upate mada kavu, kisha igawe kwa uzito wa sasa; toa jibu kwenye moja, kinachobaki ndicho unyevu. Kilo 20 zenye unyevu wa asilimia 55 zina kilo 9 za mada kavu. Mizani ikishuka hadi kilo 10.2, unyevu umefika takriban asilimia 12, anua.

3. Uliza kinachoharibu hesabu. Unyevu wa kuanzia umepatikanaje? Mvua ikilowesha kichanja? Kahawa ikihamishiwa kichanja kingine? Hapa ndipo maombi mengi huwa matupu, na ndipo uvumbuzi wenyewe hukaa.

4. Pima upana. Dai likisema "zao lolote" na maelezo yana kahawa peke yake, punguza dai au eleza mazao mengine.

Kipimo ni kifungu cha 5 cha Mkataba wa PCT (Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza), ambao Tanzania ni mwanachama: maelezo yawe wazi na kamili kiasi cha kumwezesha mtaalamu wa fani kuutekeleza uvumbuzi.

Maswali ya wanachama

*Niweke msimbo (code) wote wa programu?*
Hapana. Fomula, mchoro wa mtiririko au hatua kwa maneno vinatosha. Msimbo mrefu usio na maelezo humchosha mkaguzi bila kumfundisha.

*Marekani nako?*
Ni wakali. Kwenye kesi ya kampuni ya Aristocrat dhidi ya kampuni ya IGT, 2008, dai lililotaja kazi tu lilianguka kwa kuwa maelezo hayakuonyesha algoriti, yaani hatua za kuifanya. Kusema kompyuta ya kawaida itapangwa ifanye kazi hiyo hakukutosha.

*Nimeshawasilisha, fomula nilisahau. Niiongeze?*
Jambo jipya haliingizwi kwenye maombi yaleyale. Ndani ya miezi 12 wasilisha mapya ukidai kipaumbele cha yale ya kwanza, yaani yaliyokuwemo yahesabiwe tarehe ya awali, lakini fomula itahesabiwa tarehe mpya. Usiionyeshe hadharani kabla ya hapo.