Siku ya kupasua kakao, weka panga pembeni
Wenzangu wa Kyela, na nyie mlioko Mbeya mjini mnaowaachia vibarua mashamba: siku ya kupasua, waambieni watumie rungu fupi la mti mgumu, si panga. Tunda unaligonga katikati, ganda linapasuka. Panga likiteleza kidogo tu, kidole kimeenda. Linakata na punje pia, na punje iliyokatwa ni rahisi kuingia ukungu wakati wa kuvundika na kuanika, ubora unashuka na bei nayo.

Watoto msiwape kazi hiyo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na kazi za hatari kwa aliye chini ya 18. Panga na kupulizia dawa kwangu ni hatari tupu, hata shamba likiwa la babu yake. Utafiti uliotolewa 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 wanafanya kazi kwenye kakao Ghana na Kodivaa. Inauma sana, jamani.

Na kibarua mtu mzima alipwe jioni ileile, asisubirishwe hadi malipo ya mnada yaingie kwenye akaunti yako.