Kupata hoteli karibu na Madame Tussauds ya London ukiwa Mbeya

Mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanjelwa anakwenda kumwona bintiye London, na wajukuu wameshasema hawamwachii mpaka awapeleke kupiga picha na zile sanamu za nta za jumba la makumbusho la Madame Tussauds. Nimemtafutia hoteli dukani kwangu Kabwe. Maswali yake ni yaleyale ya kila anayekuja, basi nayaandika hapa.

Hatua ya 1: Mji

Madame Tussauds zipo pia New York, Amsterdam, Berlin na kwingineko. Ya London, mama yao wote, iko barabara ya Marylebone tangu 1884. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya kuweka nafasi za hoteli andika "Baker Street, London", na uhakikishe ni London ya Uingereza, maana Kanada nayo inayo London yake.

Hatua ya 2: Tafuta stesheni, jumba liache

Hoteli zinazolizunguka jumba lenyewe ni ghali, na sioni sababu ya kuzing'ang'ania. Baker Street, stesheni iliyofunguliwa 1863, iko hatua chache tu kutoka mlangoni, na inapitiwa na njia tano za treni: Bakerloo, Circle, Hammersmith & City, Jubilee na Metropolitan. Mtu wa Uyole anafanya kazi Mwanjelwa bila shida kwa kuwa gari ni moja. London nako angalia hivyohivyo. Ukilala Wembley Park, treni ya Metropolitan husimama Finchley Road, kinachofuata ni Baker Street. Ukilala Paddington ni kituo cha pili kwa Circle, na treni za kutoka uwanja wa Heathrow zinafika hapohapo.

Mtaa wa Sussex Gardens, Paddington, una hoteli nyingi za bei ya wastani, ila ni nyumba za zamani: ngazi nyembamba, na nyingine hazina lifti. Kwa mama mwenye magoti mabovu, uliza kwanza.

Hatua ya 3: Chuja

Tumia kompyuta, simu inaficha nusu ya masharti. Weka tarehe, idadi ya watu, na "kughairi bure". Umbali unaoandikwa kwenye tovuti usiuamini. Pima njia ya miguu kwenye Google Maps.

Hatua ya 4: Kadi

Hapa ndipo watu wanapolala dukani.

Kadi nyingi za benki zetu hazilipi mtandaoni mpaka uombe zifunguliwe. Fanya hivyo siku moja kabla. Kisha uliza benki wanatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ipi. Mara nyingi ni laini ya zamani iliyokwishapotea, au iko kwenye simu aliyoachiwa kijana Tukuyu. Namba ile huisha muda baada ya dakika chache, kwa hiyo kumpigia kijana akusomee ni kubahatisha.

"Kughairi bure" hakumaanishi kadi iwe tupu. Hoteli inaweza kuijaribu, au kushikilia kiasi fulani kwa muda, na ikikuta haina kitu inafuta nafasi yako. Weka fedha ya usiku mmoja na ziada kidogo, maana bei ni ya pauni na shilingi haitulii. Ukiulizwa ulipe kwa shilingi au pauni, chagua pauni. Ile shilingi wanayokupigia huwa na kiwango kibaya.

Kadi za mtandaoni za kampuni za simu zinafaa kwa kulipa kabisa kabla ya safari. Mimi sizipendi kwa hoteli, kwa sababu mapokezi huweza kutaka kadi ya kushika mkononi, yenye jina lililo kwenye pasipoti, ili washikilie dhamana. Kama anayelipa ni binti, iandikie hoteli mapema na usubiri jibu lao kwa maandishi.

Wala usilipe moja kwa moja kabla ya viza. Fomu inauliza utafikia wapi. Nafasi inayoweza kughairiwa inakupa anwani ya kujaza.

Hatua ya 5: Chapisha

Toa nakala mbili, moja ikae kwenye mkoba wa mkononi. Vyumba vingi hufunguliwa alasiri, hivyo ukifika asubuhi omba uache mizigo mapokezi. Tiketi za makumbusho zina saa ya kuingia. Zinunue viza ikishatoka, na usichague saa za siku unayotua.