Namna ya kukitumia kitenzi "sink" cha Kiingereza
Anayejifunza Kiingereza hapa Mombasa na aanze na maana ya wazi ya kitenzi "sink", yaani kuzama: jahazi lililotoboka likizama karibu na Bandari ya Kale, sema "the dhow sank", na baada ya "has" au "had" tumia "sunk". Kosa ninalolisikia mno ni "sinked", umbo lisilokuwepo katika Kiingereza sanifu.

Maana ya kitamathali ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwani "my heart sank" si kuzama katika mapenzi, kama sikio la Mswahili linavyoweza kudhani, bali ni kuvunjika moyo ghafla, ilhali "the news sank in" ni habari kuingia akilini polepole. Kuchimba kisima nako ni "to sink a well".