Dada yako anapigwa Malindi nawe uko ng'ambo: pa kuanzia

Simu ilinijia saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa Bologna, navaa viatu niende kwa bibi mzee ninayemtunza. Mdogo wangu alikuwa amejifungia chooni nyumbani kwake Muyeye, Malindi, ananong'ona. Mumewe alikuwa amemchapa kwa mkanda, na mtoto alikuwa amelia hata usingizi ukamchukua. Nami nikafanya jambo ambalo nadhani wengi wenu mngelifanya: nikampigia shemeji, nikamfokea, nikamtisha kwa polisi. Alinisikiliza kimya kisha akakata. Usiku ule mdogo wangu alipigwa tena, safari hii kwa kosa la kutoa siri ya nyumba, na simu yake ikavunjwa. Siku nne sikujua kama yu hai.

Usianze nilipoanzia mimi. Usimpigie mume, wala usiitupe habari hiyo kwenye grupu la WhatsApp la familia. Humo hakosekani mtu wa upande wa pili, na ikifika jioni kila neno lako litakuwa limeshasomwa pale nyumbani.

Anayekupigia ameshajaribu wengine kabla yako. Kwetu mwanamke akiolewa huambiwa astahamili na amsitiri mumewe, na mara nyingi somo aliyemfunda ndiye wa kwanza kumrudisha. Kwa hiyo dakika za mwanzo usimuulize amefanya nini hata akapigwa. Mwambie unamwamini, kisha uliza mambo mawili: sasa hivi uko salama? Kuna mtu anayesikia? Hapo mkubaliane neno la siri. Sisi tulichagua tui. Akiniandikia "tui limekatika", mimi sijibu kitu, nampigia jirani aende kugonga mlango kana kwamba amekuja kuomba chumvi. Mwambie pia afungue mipangilio ya WhatsApp atazame vifaa vilivyounganishwa, kwa kuwa mume anaweza kuwa anasoma kila kitu kwenye simu nyingine bila yeye kujua.

Jambo la pili ni mtu wa karibu, na hili ndilo lililotuokoa. Wewe uko mbali, mkono wako haufiki. Tafuta mtu mmoja anayeweza kufika kwa miguu au kwa tuktuk, asiye upande wa mume: jirani, mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu wa watoto. Sauti ya Wanawake Pwani, shirika la wanawake wa huku Pwani, lina wanawake mashinani kwetu, na wengi wao wanaijua njia yote, kuanzia hospitali hadi mahakamani. Huyo mtu wako awe na namba 1195. Ni ya bure, hupokelewa usiku na mchana, na ni ya nchi nzima kwa watu wanaofanyiwa ukatili wa nyumbani na wa kijinsia. Lakini ni namba fupi ya ndani ya Kenya, kwa hiyo usiitegemee ukiwa ng'ambo. Apige aliye huko. Anayeumizwa akiwa mtoto, namba ni 116. Hatari ikiwa papo hapo, ni polisi, 999 au 112.

Akiwa ameumia, aende hospitali kwanza, polisi baadaye. Watu wengi hudhani lazima aanze kituoni ndipo atibiwe. Si lazima. Kwa aliyebakwa saa ndizo zinazohesabiwa: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na matibabu hayo ni bure katika hospitali za serikali. Asioge kwanza, na nguo alizokuwa amevaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Malindi kuna hospitali ya serikali mjini. Lamu ni King Fahd. Lakini kwa aliye Pate au Kizingitini, boti hufuata kujaa na kupwa kwa maji, na maji hayamngoji mtu. Huyo aende kituo cha afya kilicho karibu naye siku ile ile, safari ya Lamu mjini ifuate. Daktari akimuuliza, aseme ukweli wa aliyemuumiza. "Nimeanguka bafuni" ikishaandikwa, ni kazi kubwa kuifuta baadaye.

Polisi watampa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3 ya kueleza majeraha, ambayo daktari huijaza. Fomu hiyo haiuzwi. Aulizie dawati la jinsia, na ana haki ya kuandikisha maelezo kwa afisa wa jinsia yake. Kituo kimoja kilimwambia mdogo wangu arudi wakayamalize nyumbani, naye akarudi huku analia. Mara ya pili alikwenda na yule jirani, na alikuwa ameshajua kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, inayomlazimu polisi amweleze haki zake, zikiwemo matibabu na mahali pa kujihifadhi. Mtu anayeitaja sheria kwa jina husikilizwa kwa namna nyingine. Nimeliona hilo.

Sheria hiyo ningependa kila familia ya Pwani iijue, kwa sababu inaingia mpaka ndani ya nyumba zetu. Haihesabu kipigo peke yake. Inahesabu matusi ya kumvunja mtu moyo, kunyimwa pesa za matumizi, kuvunjiwa vitu, kulazimishwa kitendo cha ndoa, na hata wakwe kuingilia maisha ya wanandoa. Haimlindi mke tu. Mzazi, mtoto, mchumba na mtalaka wamo pia. Hapo nawafikiria wazee wetu wa Kilifi wanaoitwa wachawi na watoto wao wenyewe kwa ajili ya shamba. Ukisikia mamako anatishwa na ndugu yako juu ya ardhi au pesa unazotuma, huo nao ni ukatili wa nyumbani.

Kinachoombwa mahakamani ni amri ya ulinzi. Hakimu anaweza kutoa ya muda upesi kabla kesi haijasikilizwa yote, ikamkataza mume kumkaribia au kumtisha. Akiivunja, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Malindi na Lamu zote zina mahakama. Kwa wakili, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake wasio na uwezo bila malipo, pamoja na kuwafundisha kujitetea wenyewe mbele ya hakimu.

Na Kadhi? Mdogo wangu aliambiwa na wengi kwamba kwa Kadhi panatosha. Kadhi huamua ndoa, talaka na urithi wa Waislamu. Kwake mwanamke anaweza kudai faskhi, yaani ndoa ivunjwe na Kadhi, au khului, yaani kujivua kwenye ndoa kwa kurudisha mahari, na matunzo yake. Jinai si kazi ya Kadhi. Kwenda kwa Kadhi hakumzuii kwenda polisi wala kwa hakimu, na asimruhusu mzee yeyote amwambie kwamba dini inamtaka achague.

Sasa kazi yako wewe uliye mbali. Simu yako ndiyo sanduku salama kuliko yote. Akutumie picha za majeraha, sauti, vitisho alivyoandikiwa, kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kisha yeye afute kwake ikiwa simu yake hukaguliwa. Wewe usifute kitu na usimsambazie mtu. Andika tarehe kila anapokueleza jambo. Mimi nilikuwa na daftari la mistari, na lilimsaidia siku ya kuandikisha maelezo kukumbuka lipi lilitangulia.

Pesa nazo zina hatari yake. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia saa nne usiku huweza kumletea kipigo. Tuma kwa yule mtu wa karibu, kidogo kidogo, iwe ya nauli na kodi ya mwezi wa kwanza, na wala usitume kwa mume kwa kutaraji kwamba atatulia. Nilituma mara mbili. Alizipokea, na mkanda ukabaki palepale.

Usimharakishe kuondoka. Hatari huzidi pale mwanamume anapojua kwamba anaachwa, na mwenye kujua siku ya kufaa ni yule anayeishi naye. Mdogo wangu alichukua miezi mitano. Ilinikera, nikakosa usingizi, lakini siku aliyotoka alitoka na watoto wote na vyeti vyote, mchana kweupe, mume akiwa baharini.

Na ikiwa anayepigwa ni wewe, huku ugenini, haya nayo yakuhusu. Wapo wenzetu waliotoka Malindi na waume wa Kiitaliano, na sasa wamefungiwa milango na wamenyang'anywa pasipoti. Italia piga 1522, bure, saa zote. Kuna wanaosema Kiingereza na Kiarabu, na wakikusikia hatarini watakuelekeza kwenye kituo kilicho karibu nawe. Ikiwa unavamiwa sasa, ni 112. Ukiambiwa utarudishwa Kenya ukishitaki, jua kuna kifungu cha 18-bis katika sheria yao ya wageni, tangu 2013, kinachoruhusu mwanamke aliyefanyiwa ukatili wa nyumbani apewe kibali chake mwenyewe cha kukaa, bila kumtegemea mume. Uingereza ni 0808 2000 247, Ujerumani 116 016, zote bure, usiku na mchana. Pasipoti iliyochukuliwa, ubalozi wetu unaweza kukusaidia kupata nyingine. Piga picha ya ukurasa wake wa kwanza leo, uitume kwa dada yako Malindi.