Namna ya kupinga picha za kutisha za eneo la tukio

Nilipoanza kutetea kesi za mauaji nilipinga bahasha nzima: "Picha hizi zinatisha." Nikakataliwa, na nilistahili kukataliwa. Mauaji yenyewe yanatisha. Pambana na picha moja moja.

Hatua ya 1: Dai picha zote mapema, uzipe namba. Hakikisha yupo shahidi atakayesema zinaonyesha eneo kama lilivyokuwa. Si lazima awe mpigapicha; anatosha aliyeliona kwa macho yake.

Hatua ya 2: Kwa kila picha andika jambo linalobishaniwa ambalo inalithibitisha. Mteja wako akisema alijihami, na picha ikaonyesha majeraha mgongoni, sahau kuizuia. Akisema hakuwepo kabisa, ukubwa wa jeraha hauonyeshi nani alilitia. Ila jiandae: upande wa mashtaka watajibu kwamba bado wana mzigo wa kuthibitisha nia.

Zitazame kwa makini zaidi picha za chumba cha uchunguzi wa maiti. Zile zilizopigwa baada ya daktari kupasua mara nyingi zinaonyesha kazi ya kisu cha daktari, si ya mshtakiwa. Hapo ndipo pingamizi lina meno.

Hatua ya 3: Jitolee kukubali kwa maandishi mambo yasiyobishaniwa, mfano chanzo cha kifo, ili picha isiwe na la kuthibitisha. Usiitegemee mno hatua hii. Katika kesi ya Old Chief ya mwaka 1997, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kawaida mashtaka wana haki ya kujenga kesi kwa ushahidi wao wenyewe.

Hatua ya 4: Taja mizani ya sheria inayokuhusu. Ili picha ikataliwe, Kanuni ya 403 ya ushahidi ya mahakama za shirikisho za Marekani inataka madhara yasiyo ya haki yazidi *kwa kiasi kikubwa* thamani ya ushahidi, kwa hiyo mizani imeshaelemea upande wa kuipokea picha. Uingereza, kifungu cha 78 cha sheria ya polisi na ushahidi ya 1984 kinauliza kama kuupokea kutaharibu haki ya mwenendo wa kesi.

Hatua ya 5: Ukiona unashindwa, omba nafuu: picha mbili badala ya kumi zinazofanana, nyeusi na nyeupe, iliyokatwa kuondoa uso, au mchoro. Majaji wengi hupenda kupewa njia ya kati.

Yote haya yasikilizwe kabla wazee wa juri (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia) hawajaona chochote. Na pingamizi likikataliwa, hakikisha limeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama. Bila hivyo rufaa yako itakosa pa kushika.