Namna ya kumtembeza mgeni Moshi asubuhi moja

Mdogo wangu, toka saa moja, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Mgeni asipouona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mapema, atakuuliza habari zake hadi jioni.

Anzia stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa 1911, enzi za Mjerumani. Dakika kumi zinatosha. Kisha nendeni kwa miguu hadi jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Usitaje "ushirika" ukaishia hapo: eleza kwamba wakulima hao walianza na chama kilichoitwa KNPA mwaka 1925, na KNCU ikaandikishwa 1933. Mwagizie kikombe, wengi wanaijua kahawa ya kopo tu.

Muda wako utunze kwa ajili ya Old Moshi. Barabara inapanda kati ya migomba, na mvua ikinyesha gari dogo linasumbua. Kabla ya kuufikia mti, tafuta mzee wa pale, mpe shikamoo, mwache asimulie yeye. Kwenye mti huo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine. Ila taja pia 1892, Meli huyo huyo alipowashinda vitani. Bila hilo anabaki mtu wa kuonewa huruma tu, na mimi silipendi. Familia yake imekuwa ikidai kichwa chake kirudishwe kutoka Ujerumani. Mgeni akiwa Mjerumani, usizunguke: sema ilivyokuwa, kisha nyamaza aulize.

Picha ni kwa ruhusa. Na hela ya soda ya mzee, mgeni aitoe kwa mkono wake mwenyewe, isipitie kwako.