Umekatwa ziwa, sasa unaishije? Dreni, sidiria na kutengeneza ziwa jipya

Tuanze na dreni maana mimi hakuna aliyeniambia. Unazinduka unakuta mrija umetokea ubavuni na mwisho wake kuna kichupa laini cha plastiki kinanyonya majimaji yenye damu, na hicho kichupa unaenda nacho nyumbani, mimi nilikaa nacho siku 12. Kukimwaga nawa mikono kwanza, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye alama za mililita, andika tarehe na kiasi, halafu kabla hujafunga KIMINYE mpaka kibonyee ndo ufunge, usipokiminya hakinyonyi na maji yanabaki kifuani. Asubuhi na jioni. Madaktari wengi wanakitoa yakishuka chini ya kama mililita 30 kwa masaa 24, ndo maana lile daftari lina maana kuliko kumwambia dokta "yamepungua kidogo". Mi nilikuwa nakibana ndani ya dera kwa pini kubwa. Siku moja nilisahau kukibana nikainuka kitandani ghafla, jamani, nyota niliziona mchana. Ukiona pale kwenye kidonda pamekuwa pekundu na pamoto, au kuna usaha, au homa imefika 38, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mkono nao usiuache umelala tu kwa kuogopa, bega litakakamaa. Mazoezi madogo yanaanza mapema, kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, kuchana nywele. Ya kupandisha mkono juu ya bega subiri wakuruhusu, mara nyingi mpaka dreni itoke. Hapo simama mbele ya ukuta utembeze vidole kwenda juu kama buibui, weka alama ya penseli ulipofika, kesho ipite kidogo. Ndoo ya maji na mtoto wa kubeba waachie wengine kwa wiki 6 hivi.

Kama walitoa na tezi za kwapani, ule mkono unaweza kuvimba hata miaka baadaye, kwa hiyo uangalie. Mimi kipimo changu ni bangili, siku inapogoma kupita nampigia fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Glovu wakati wa kuparua samaki, kidonda hata cha kisu kidogo kioshe upesi, na sindano na presha ukiweza wape mkono mwingine.

Sasa sidiria. Wiki za mwanzo weka kitu laini tu, pamba ndani ya kitambaa, kidonda hakitaki mzigo. Kikishapona unahitaji ziwa la bandia lenye uzito la kuweka ndani ya sidiria, la sivyo upande mmoja unapanda juu, sidiria inakaa mshazari na mgongo unauma. La silikoni ni zuri ila bei yake, na joto la Dar linakutoa jasho mpaka unataka kulitupa. Langu alinishonea fundi wa mtaani, pamba ya mito kwa nje na katikati kimfuko cha shanga, ndio, zile zile za kiunoni, hatimaye zimepata kazi nyingine. Uzito nilipata hivi: bakuli limejaa maji mpaka ukingoni ndani ya beseni, unainama ziwa lililobaki linazama lote, maji yaliyomwagika unayapima, mililita 400 ni karibu gramu 400. Usijaze mchele, kwa jasho hili utafuga wadudu. Mwambie fundi ashone na kimfuko ndani ya sidiria maana siku ukiinama sokoni likatoka utanikumbuka.

Kutengeneza ziwa jipya sasa. Watu wanakimbilia kuuliza silikoni au nyama yako mwenyewe, mi nasema swali la kwanza ni NITAPIGWA MIONZI? Mionzi, ile ya kuua mabaki ya saratani, inakaza ngozi, na silikoni iliyopigwa mionzi ina hatari kubwa zaidi ya kuzungukwa na kovu gumu, ziwa linakuwa kama jiwe na linauma. Kwa hiyo wengi wanaambiwa wamalize mionzi kwanza wasubiri miezi kadhaa, na ukikosa sasa hujachelewa, hata baada ya miaka 10 linatengenezwa.

Njia ya silikoni mara nyingi wanaanza na kifuko kitupu ndani ya kifua, kila wiki au wiki mbili wanakijaza maji ya chumvi kwa sindano mpaka ngozi itanuke, halafu upasuaji wa pili ndo wanaweka yenyewe. Sio ya maisha, jiandae kuja kuibadilisha. Njia ya nyama wanachukua mafuta na ngozi ya tumboni pamoja na mishipa yake ya damu wanaiunganisha kifuani, ni masaa mengi na kovu linatoka kiuno hadi kiuno, au wanazungusha msuli wa mgongoni kuja mbele. Hapa kuna kitu cha kusema bila kuulizwa, kama unavuta sigara, una sukari, au unameza tamoksifeni, kile kidonge cha kuzuia saratani ya ziwa isirudi, mwambie mpasuaji, hiyo dawa inaongeza hatari ya damu kuganda na mara nyingi wanaisimamisha kwa muda, ila usiisimamishe mwenyewe.

Pesa. Marekani kuna sheria ya mwaka 1998, bima ikilipia kukata ziwa inabidi ilipie na kulitengeneza, hata kusawazisha lile la pili. Huku kwetu omba jibu la bima kwa maandishi kabla hujapangiwa tarehe.

Na ujue ziwa jipya linakuwa na ganzi, hisia zikirudi ni kidogo, chupa ya maji ya moto inaweza kukuunguza hujui. Lile la upande wa pili mamogramu, ile picha ya eksirei ya ziwa, inaendelea kama kawaida.

Mimi sijatengeneza mpaka leo, shanga zinanitosha. Mwenzangu tuliyelala naye wodini alichukua njia ya mgongo na anavaa blauzi zinazombana kwa makusudi. Chuchu huwa ndo ya mwisho, wanakunja ngozi au wanachora tatuu yenye kivuli mpaka unadhani imesimama. Yeye kakataa, anasema mumewe anajua ilikuwa wapi.